Manowari Iliyoishi kwa Karakana: Kisa cha Königsberg, Rufiji na Mafundi wa Dar es Salaam, 1914–1917

Asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliingia katika maji ya Unguja na kuishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus iliyokuwa imetia nanga bandarini. Pegasus, chombo cha mwaka 1897, ilikuwa imesimamishwa pale ili boila zake zisafishwe na injini zake zitengenezwe, kwa hiyo haikuwa na mvuke wa kuiondoa mahali ilipokuwa, na siku hiyohiyo ikazama. Mshindi naye hakwenda mbali. Injini yake mojawapo ilipata hitilafu, na nahodha wake, Max Looff, akalazimika kuirudisha katika delta ya Rufiji, ambako ilikwisha kujificha kabla ya shambulio hilo.

Kisa cha Königsberg kwa kawaida husimuliwa kama hadithi ya uwindaji: Waingereza wanaitafuta, wanaiona, wanaizingira, na Julai 1915 wanaimaliza. Masimulizi hayo si ya uongo, ila yanaacha nje jambo lililoamua karibu kila hatua ya mkasa wenyewe, nalo ni swali la nani aliweza kutengeneza nini, wapi, na kwa vifaa gani. Ukifuatilia matengenezo badala ya mapigano, utaona kwamba manowari hiyo ilifungwa mahali pamoja na ubovu wa mitambo kabla haijafungwa na adui, na kwamba karakana iliyoihudumia ikiwa hai ndiyo iliyowapa Wajerumani mizinga mikubwa kuliko yote waliyokuwa nayo katika Afrika Mashariki baada ya chombo chenyewe kufa.

Königsberg ilikuwa na injini mbili za mvuke, kila moja ikiwa na silinda tatu ambamo mvuke uleule ulitumika mara tatu kwa mfululizo, na boila 11 zilizochemshwa kwa makaa ya mawe. Mwendo wake ulizidi noti 23 (maili 23 za baharini kwa saa), na kwa kasi hiyo hapakuwa na manowari ya Kiingereza katika pwani hii mwanzoni mwa vita iliyoweza kuifukuza na kuikamata. Kasi hiyo ilikuwa na gharama yake. Boila za namna hiyo hupitisha maji ndani ya mirija myembamba huku moto ukizunguka nje, na mirija hiyo haivumilii uchafu: masizi yakijikusanya nje au magadi ndani, joto halipenyi, chuma hupashwa kupita kiasi, na mwisho wake mirija hupasuka. Makaa mazuri na usafishaji wa mara kwa mara ndivyo vinavyozuia hayo. Königsberg ilinyimwa vyote viwili. Tarehe 6 Agosti 1914 iliiteka meli ya biashara City of Winchester na kuchukua makaa yake, lakini yalikuwa makaa ya India ya kiwango cha chini, yenye majivu mengi. Na Waingereza walikwisha kununua makaa yaliyokuwapo katika bandari za Wareno kusini ili yasimfikie adui. Kufikia Septemba chombo kilikuwa kimekaa baharini kwa wiki kadhaa bila kupita mikononi mwa mafundi wa nchi kavu.

Palikuwa na mahali pa kufanyia kazi hiyo, nako ni Dar es Salaam. Serikali ya kikoloni ilikuwa na karakana ya vyombo vyake vya majini pale, pamoja na gudi inayoelea, yaani jukwaa la chuma linalozamishwa chini ya chombo kisha kuinuliwa ili sehemu ya chini ionekane na kufanyiwa kazi. Lakini mapema Agosti, katika siku ileile ambapo manowari ya Kiingereza Astraea ilikuja kuupiga mnara wa simu ya upepo, wakuu wa bandari waliizamisha gudi hiyo katika mlango wa bandari ili adui asiingie. Adui hakuingia, na Königsberg nayo haikuweza kuingia tena. Uamuzi huo unaeleweka kwa mtu aliyekuwa akitazama mizinga ya Waingereza ikielekezwa mjini, lakini kwa upande wa matengenezo ulikuwa wa gharama kubwa mno: koloni zima lilikuwa na manowari moja ya maana na gudi moja ya kuihudumia, na katika siku za kwanza kabisa za vita gudi ikatumiwa kama jiwe la kuziba mlango.

Kilichobaki ni karakana za nchi kavu, na hizo zilikuwa na uwezo ambao huenda hata wenyewe hawakuujua vizuri. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma Februari 1914, miezi sita tu kabla ya vita. Reli ya urefu huo haiendeshwi kwa kuagiza kila kipuri kutoka Hamburg. Inahitaji tanuri na fuawe za wahunzi, mashine za kukereza vyuma, za kutoboa na za kukunja mabamba, mahali pa kukalibu sehemu ndogo, na zaidi ya yote watu wanaojua kuziba mirija inayovuja, kupiga ribiti, na kukereza upya mhimili uliolika. Kazi hizo zilifanywa na wahandisi wa Kijerumani na mafundi wa Kihindi na wa Kiafrika, wengi wa hao wa mwisho wakiwa wameanza kama vibarua wa njia na kujifunza ufundi kazini. Boila ya gari la moshi haifanani na ya manowari: katika gari la moshi moto ndio unaopita ndani ya mirija, na maji hukaa nje. Hata hivyo ugonjwa wao ni mmoja, na fundi aliyezoea mojawapo hachukui muda mrefu kuielewa nyingine.

Tatizo likawa umbali. Chombo kilikuwa Salale, ndani ya mikoko ya Rufiji, na karakana ilikuwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita mia moja kaskazini. Kwa kuwa bahari ilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, sehemu zilizoharibika zilifunguliwa ndani ya chombo, zikapakuliwa, zikakokotwa kwa nguvu za watu kupitia tope la mikoko na njia za porini hadi karakanani, zikatengenezwa, kisha zikarudishwa kwa njia ileile. Waandishi wengi wa vita huimaliza habari hii kwa sentensi moja. Inafaa kuitazama kwa karibu zaidi, kwa sababu kila hatua yake ni kazi ya ufundi inayojitegemea. Kufungua mtambo ndani ya chumba cha injini chenye joto na nafasi finyu bila winchi za bandarini. Kuweka alama kwenye kila bolti na kila sehemu, kwa maana kitakachofanyiwa kazi mbali lazima kije kukaa mahali pake bila kujaribiwa kwanza. Kuchukua vipimo vya kumtosheleza fundi ambaye hatakiona chombo chenyewe. Kisha kuvuka vijito ambavyo maji yake hupanda na kushuka mara mbili kwa siku. Anayetengeneza mtambo ulio mbele yake anaweza kurekebisha kadiri anavyoendelea. Hawa walitakiwa wapatie mara ya kwanza. Wavutaji, kwa upande wao, walikuwa raia wa delta na wapagazi waliokusanywa na serikali. Walibeba vyuma vya vita ambavyo havikuwahusu, na katika vita hivyo kwa ujumla wapagazi wa pande zote waliokufa walihesabika kwa makumi ya maelfu.

Matengenezo yalifanikiwa kwa kipimo cha ufundi na yakashindwa kwa kipimo cha vita. Tarehe 30 Oktoba 1914 watu wa manowari ya Chatham walikiona chombo hicho mtoni, na tarehe 10 Novemba Waingereza wakaizamisha meli kuukuu ya makaa, Newbridge, katika mkondo mmoja wa delta ili kuuziba. Injini zilizogharimu safari ile ya kwenda na kurudi zikatumika hasa kuipeleka Königsberg juu zaidi ya mto, mbali na mizinga ya adui. Waswahili wa pwani walioiita Manowari na Bomba Tatu, kwa dohani zake tatu, waliiona ikifuka moshi ndani ya mikoko kwa miezi minane bila kutoka tena baharini.

Katika miezi hiyo likatokea tukio jingine ambalo ni la karakana kuliko la bahari. Meli ya Kronborg, iliyojifanya ya Kidenmarki na kubeba makaa kwa ajili ya Königsberg pamoja na bunduki na mamilioni ya risasi, ilifika pwani ya kaskazini mwa Tanga Aprili 1915 na kupigwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth katika ghuba ya Manza. Kwa bahati ya Wajerumani, injini moja ya Hyacinth iliharibika katika saa ya kufukuza, nayo Kronborg ikapata nafasi ya kuingia maji madogo na kukalishwa chini. Shehena iliopolewa, lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Ikabidi zishughulikiwe mojamoja: kichwa cha risasi kung'olewa, baruti kumwagwa na kuanikwa, ganda na kiwashio kusafishwa kutu na chumvi, kisha vyote kuunganishwa upya. Kazi hiyo haina fahari yoyote. Ni ya mikono mingi, rahisi kwa jicho na ya hatari kwa anayeifanya, na kosa dogo la unyevu huonekana pale tu askari anapovuta kifyatulio na bunduki isilie. Jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika Afrika Mashariki, lilipigana kwa muda mrefu kwa risasi za aina hiyo, likizitengea bunduki za rashasha zile zilizo safi zaidi, kwa kuwa risasi moja mbovu huikwamisha rashasha nzima.

Mwisho wa manowari yenyewe unahitaji maneno machache tu. Waingereza walileta manowari mbili za maji madogo, Severn na Mersey, zilizoundwa awali kwa ajili ya Brazili, wakaziandaa katika kisiwa cha Mafia walichokwisha kukitwaa, wakashambulia tarehe 6 Julai 1915 bila kufaulu na tarehe 11 Julai wakafaulu, ndege zikiwaelekeza mahali makombora yalipoangukia. Looff, ambaye wakati huo alikuwa amebakiwa na mabaharia wapatao 220 tu kwa sababu ya homa na ya wengi kuhamishiwa jeshi la nchi kavu, aliamuru chombo kilipuliwe kwa vichwa vya topido. Kilikaa chini ya mto, staha ya juu ikiwa karibu na uso wa maji.

Hapo ndipo kosa la upande wa pili linapoonekana. Waingereza walihesabu kwamba wamemaliza kazi, na kwa hesabu za bahari walikuwa sahihi. Lakini mlipuko uliovunja tumbo la chombo haukuigusa mizinga, na mto wenye kina kidogo ni ghala baya la kufichia silaha usizotaka zitumike tena. Mabaharia walirudi usiku uleule, na katika muda mfupi mizinga yote 10 ya milimita 105 ikawa imetolewa, pamoja na makombora na kila kifaa kilichofaa. Sehemu muhimu kuliko zote katika kila mzinga ni kizibo cha chuma kinachofunga nyuma ya mtutu: kinafunguliwa kupokea kombora na kufungwa kabla ya kufyatua, na kimekerezwa kwa kipimo ambacho hakivumilii hata tofauti ndogo. Mzinga usio na kizibo ni bomba tupu, na karakana ya reli isingeweza kukiunda upya kwa usalama. Mizinga hiyo ilifika Dar es Salaam ikiwa na uwezo wa kufyatua. Kilichokosekana kilikuwa kitu ambacho wahunzi na makanika wa reli walikijua vizuri, nacho ni magurudumu na kitako cha kuibebea mizinga.

Mzinga wa manowari haukuundwa kutembea. Umesimama juu ya nguzo ya chuma iliyofungwa kwa bolti kwenye staha, unazunguka pale ulipo, na kishindo cha kurudi nyuma unapofyatuliwa humezwa kwanza na silinda ya maji kisha na mwili mzima wa chombo chenye uzito wa maelfu ya tani. Mtutu wa aina ile ulikuwa na uzito wa kilo zaidi ya 1,500 peke yake, na kombora lake kilo 17 na ushei. Ukiuweka juu ya magurudumu mawili, tani hizo za staha hazipo tena; kishindo kinaingia katika ekseli na katika mkia mrefu wa chuma unaochomekwa ardhini nyuma. Mkia ukiwa mfupi, mzinga unapinduka. Ekseli ikiwa nyembamba, inapinda katika kombora la kwanza. Magurudumu yakiwa membamba, yanazama kabla hata ya kufika vitani. Mafundi wa Dar es Salaam hawakuwa na michoro ya kiwanda cha silaha. Walikuwa na mabamba na vyuma vya reli, uzoefu wa mabehewa, na mizinga yenyewe ya kupimia. Baadhi ya mizinga iliwekwa mahali pamoja kulinda pwani na miji, jambo ambalo ni rahisi zaidi, na mingine ikapewa magari ya magurudumu ili ifuatane na majeshi.

Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi ya ufundi iliyo bora kuliko zote katika kisa hiki, hata kuliko safari ya mitambo ya mwaka 1914, kwa sababu safari ile ilirudisha kitu katika hali yake ya kwanza, ilhali hapa mafundi walikipa kitu matumizi ambayo muundaji wake hakuyafikiria. Upungufu wake nao uko wazi. Machi 1916 mzinga mmoja uliachwa Kahe, karibu na Moshi, majeshi ya Kijerumani yalipoondoka. Mei mwaka huohuo mizinga ya Königsberg ilikuwa Kondoa Irangi ikilipiga jeshi la van Deventer, jenerali wa Afrika Kusini aliyepigana upande wa Waingereza, kutoka umbali ambao mizinga yake haikuweza kujibu. Agosti 1916 Waingereza walikamata mwingine Bagamoyo. Desemba 1916 mmoja ulipandishwa katika vilima vya Kibata, kusini mwa Rufiji, ambako vilele na makorongo vingemtia shaka hata mtu mwenye punda. Kila mmoja ulihitaji mamia ya watu wa kuuvuta, na kadiri vita vilivyohamia kusini, kwenye njia za miguu, ndivyo uzito uliokuwa fahari ya baharini ulivyogeuka kuwa mzigo. Makombora nayo hayakuweza kuundwa karakanani. Tarehe 4 Septemba 1916 Dar es Salaam yenyewe ilichukuliwa, na tangu hapo mzinga ukivunjika ekseli hapakuwa na pa kuupeleka; uliopinda ulilipuliwa na kuachwa. Wa mwisho ulitekwa Oktoba 1917.

Ingekuwa makosa kudhani kwamba ni Wajerumani tu waliofanya hivyo. Mizinga ya Pegasus ilitolewa katika maji ya Unguja, ikawekwa kwenye magari ya magurudumu na kuvutwa bara upande wa Waingereza, hata ikawa mizinga ya manowari mbili zilizopigana Septemba 1914 imehamia nchi kavu kuendeleza vita vyao. Leo mmoja wa Pegasus na mmoja wa Königsberg imewekwa pamoja Fort Jesus, Mombasa. Mingine ya Königsberg iliyosalia iko Jinja, Uganda, na Pretoria, Afrika Kusini. Mabaki ya chombo chenyewe yalikatwakatwa na kuuzwa kama vyuma chakavu kati ya 1963 na 1965.

Mzinga mmoja ulikwenda mbali na pwani kuliko mingine, na habari zake zinakamilisha uchambuzi huu. Uliwekwa juu ya Graf von Goetzen, meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, ikapanda reli, na kuunganishwa upya Kigoma na mafundi watatu waliotumwa pamoja nayo, Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann, wakisaidiwa na mafundi na vibarua wengi wa Kihindi na wa Kiafrika. Iliingia majini Februari 1915. Mwaka uliofuata, Wabelgiji walipokaribia, mzinga uliondolewa kwa ajili ya jeshi la nchi kavu, na tarehe 26 Julai 1916 mafundi walewale walioiunganisha wakaamriwa kuizamisha. Hawakutumia baruti. Walizipaka injini grisi nene kila mahali, wakaijaza meli mchanga, na kuiteremsha taratibu katika maji karibu na mdomo wa mto Malagarasi.

Linganisha na Rufiji. Looff alilipua chombo ili kisitumike tena, akaacha mizinga katika hali ya kutumika. Mafundi wa Kigoma walizamisha meli ili itumike tena, na hesabu yao ilikuwa sahihi zaidi, ingawa hawakufaidika nayo wenyewe. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakakuta mitambo inatengenezeka, na Mei 1927 ikaanza kazi katika Ziwa Tanganyika kwa jina la Liemba. Injini zile za mvuke ziliendelea kuisukuma, zikibeba abiria, dagaa na mahindi kati ya Kigoma na Mpulungu, hadi zilipobadilishwa kwa za dizeli katika miaka ya 1970.